Moyo wa mtoto hausimami ghafla

Barua ya wazi kwa mawaziri wa afya na wa fedha katika nchi zinazoendelea, makatibu wakuu, wakurugenzi wa hospitali, na wafadhili mnaokaa nao meza moja

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Nimezoea zamu ya usiku kiasi kwamba mchana ndio unaonichosha. Nawaandikia kuhusu dakika chache ambazo zikifika mezani kwenu huwa zimeshakuwa maneno mawili tu kwenye ripoti ya mwezi: "moyo ulisimama". Nayajua maneno hayo kwa sababu nimeyaandika mwenyewe mara nyingi. Si uongo. Lakini ni sawa na dereva anayeripoti kwamba gari lilizimika, asiseme kuwa taa nyekundu ya mafuta iliwaka njia nzima.

Mtu mzima anaweza kuanguka huku anacheka na wenzake. Mshipa wa moyo umeziba, mdundo umevurugika, na mashine ya kushtua moyo ikifika upesi huenda akarudi. Kwa mtoto mambo ni mengine. Ukiondoa wachache waliozaliwa na kasoro za moyo au wenye hitilafu ya mdundo, moyo wa mtoto ni mzima kabisa; unasimama kwa sababu umenyimwa. Nimonia imejaza mapafu na oksijeni haipiti. Malaria imekula damu hadi hakuna cha kuibeba hewa. Kuhara kumemkausha, au sukari imeshuka, au vimelea vimeingia kwenye damu. Moyo unajitahidi kwanza kwa kukimbia, mapigo 160, 180, na zaidi. Ukichoka unapunguza mwendo, na kwa mtoto mgonjwa moyo unaopunguza mwendo ndio unaoaga. Ndiyo maana tumefundishwa kwamba mapigo yakishuka chini ya 60 kwa dakika, na mtoto hana mzunguko mzuri wa damu ingawa tumeshampa pumzi na oksijeni, tusingoje yafike sifuri. Tuanze kukandamiza kifua.

Nitasimulia usiku mmoja. Nimeuchagua kwa sababu haukuwa na lolote la ajabu.

Tulikuwa na watoto 41, wauguzi wawili, na mwenzangu alikuwa ameitwa wodi nyingine kusaidia. Mtoto wa miezi saba, mvulana, alikuwa amelazwa jioni kwa homa ya mapafu. Pua zinapanuka, mbavu zinaingia ndani, pumzi 72 kwa dakika, na kila pumzi ikiishia na mguno mfupi kama mlango mkavu. Mashine ya kuchuja oksijeni hewani ilikuwa moja, tumeigawanya mirija minne. Yeye alikuwa wa tano. Oksimita, kile kibanio chenye taa nyekundu kinachosoma oksijeni ya damu kwenye kidole, ilikuwa moja pia, na ya mtu mzima. Kwenye kidole chake ilichomoka. Nikaibana kwenye mguu, ikasoma asilimia 83, ikasoma 91, kisha ikaonyesha vistari. Chini ya 90 mtoto anahitaji oksijeni, hilo halina mjadala. Lakini 83 na 91 za kibanio kisichomkaa unaziamini vipi, tena unapotakiwa kumtoa mtoto mwingine kwenye mrija kwa ajili yake?

Saa saba na nusu usiku nilikuwa upande wa pili, natafuta mshipa kwa mtoto aliyekuwa kwenye degedege. Mama wa yule mvulana wa miezi saba akaniita kwa sauti ya chini, sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha mwanawe.

"Dada, mtoto amepata usingizi. Hata ile miguno imekwisha."

Nikamjibu bila kugeuka, "Haya mama, mwache apumzike."

Nilifika kitandani kwake baada ya dakika ishirini hivi. Nikahesabu pumzi kwa dakika nzima, kama inavyotakiwa: 18. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Hakuwa amelala. Misuli ya kifua ilikuwa imechoka kupigania hewa, na mwili ulikuwa umeacha. Kila muuguzi wa watoto anajua kwamba mguno unaonyamaza bila matibabu si nafuu. Nami nilijua. Niliyajua hayo siku ile kama ninavyoyajua leo ninapoandika, na bado nilisema mwache apumzike, kwa sababu mikono yangu miwili ilikuwa kwa mtoto mwingine na masikio yangu yalitaka habari njema.

Ambu, ule mfuko wa mpira tunaoubana kwa mkono kumpa mgonjwa pumzi, ulikuwepo kabatini. Kinyago cha saizi yake hakikuwepo. Kilikuwa kimeazimwa na chumba cha upasuaji. Nikakigeuza kile kikubwa juu chini, ncha ya pua ikakaa kidevuni. Ni ujanja wa zamani, na wakati mwingine unakubali. Pumzi tano, kifua hakikupanda. Nikakiweka kichwa sawa, nikavuta taya mbele, kikapanda. Mwenzangu alikuwa amerudi mbio. Mapigo yalikuwa machache, kisha hayakuwepo. Akazungusha viganja viwili kwenye kifua kile, vidole gumba juu ya mfupa, akaanza kukandamiza: mikandamizo 15, pumzi 2, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha theluthi ya kifua, ambacho kwa mtoto wa umri ule ni kama sentimita 4. Huwa nashangaa kila mara jinsi sentimita nne zilivyo nyingi kwenye kifua kinachoenea kiganjani. Adrenalini, dawa ya kuchochea moyo, mikrogramu 10 kwa kila kilo. Uzito ulikuwa umeandikwa kwenye faili, kilo saba, kwa hiyo hatukupoteza muda kubahatisha.

Dakika ya tisa moyo ulirudi. Mwenzangu akalia. Mama akatushukuru.

Hapo ndipo ilipoanza sehemu ambayo haiandikwi popote. Tumemrudisha, tumpeleke wapi? Hospitali ya rufaa ilikuwa na vitanda vinne vya watoto mahututi, na vyote vilikuwa na wenyewe. Mtoto hakuwa anapumua vya kutosha. Tukaendelea kumbania ambu kwa mkono: mimi, mwenzangu, mwanafunzi wa uuguzi tuliyemwamsha bwenini, kisha mama mwenyewe. Nilimfundisha kuhesabu, abane, aachie, ahesabu mbili, abane tena. Alibana kwa saa moja na nusu, na kila kifua kilipopanda alinitazama kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu, aone kama amepatia. Jua lilipochomoza moyo ulisimama tena, na safari hii haukurudi.

Na wale arobaini? Dripu mbili zilikauka. Dozi moja ya sindano ya malaria ilichelewa saa mbili. Hakuna safu kwenye fomu zenu ya watoto walioumia kwa sababu wauguzi wote wawili walikuwa kwenye kitanda kimoja.

Waheshimiwa, yale ya usiku ule yana kipimo chake kwenye maandishi. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya watoto waliofanyiwa ufufuaji katika hospitali ya Kilifi, Kenya. Kwa wale ambao pumzi ilikuwa imekata lakini moyo bado unadunda, takriban mmoja kati ya watano alitoka hospitalini akiwa hai. Kwa wale ambao moyo nao ulikuwa umesimama, hakuna hata mmoja. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi, na kila nikiyasoma nakumbuka dakika zangu ishirini. Mimi nayasoma hivi: kati ya kundi la kwanza na la pili hakuna ugonjwa tofauti wala dawa tofauti. Kuna muda tu, na mtu wa kuuona ukipita.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza litawashangaza walioisoma barua hii wakitarajia niombe mashine. Mkitaka mioyo michache isimame, msianzie kwenye moyo. Anzieni saa sita kabla yake.

Najua mnapenda kuzindua. Sisemi kwa kejeli; utepe ukikatwa wananchi wanaona kazi, na kazi inayoonekana ndiyo inayopigiwa kura. Nimeona mashine za kupumulia zikishushwa kwenye lori mbele ya kamera, nikaziona tena miaka miwili baadaye kwenye chumba chenye kufuli, zimefunikwa mashuka, plastiki ya kiwandani bado iko kwenye vioo. Moja ilikosa fyuzi. Nyingine ilikosa mirija ya saizi ya watoto. Zilizobaki zilikosa mtu, maana waliofunzwa kuziendesha walihamishwa, mmoja kwenda kliniki ya macho.

Mnajua chumba cha mahututi kilizaliwaje? Mwaka 1952 polio ililipuka Copenhagen. Watoto na vijana walipooza misuli ya kupumua, na mashine za kupumulia zilikuwa chache mno. Mwezi wa Agosti daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alionyesha njia kwa msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho: tundu kooni, mpira, mfuko, na mkono wa mtu unaobana. Msichana akaishi. Wakaitwa wanafunzi wa udaktari, takriban 1,500 kwa jumla, wakakaa vitandani kwa zamu mchana na usiku kwa miezi, wakibana mifuko. Vifo vya wagonjwa waliopooza pumzi, ambavyo mwanzoni vilikuwa zaidi ya wanane kati ya kumi, vilishuka sana. Kwa hiyo huduma ya mahututi tunayoijua leo ilianza na mtoto, na kilichomwokoa ni foleni ndefu ya mikono iliyokubali kukaa. Miaka minne baadaye, 1956, mfuko unaojijaza wenyewe, usiohitaji umeme wala mtungi wa gesi, ulitengenezwa hukohuko Denmark. Ndio huo tunaouita ambu hadi leo. Kifaa cha mwaka 1956, na bado kuna wodi ambazo kinyago chake cha mtoto kinaazimwa!

Mtaniambia teknolojia imesonga. Imesonga, na mahali pengine imefanya makubwa kwa gharama ndogo. Mjini Dhaka, Bangladesh, Mohammod Jobayer Chisti na wenzake waliunda kifaa cha kusukuma hewa kwa mapovu: mrija wa oksijeni puani, mwingine unaotoa pumzi ndani ya chupa ya shampuu yenye maji. Maji yanazuia hewa kidogo, mapafu yanabaki wazi. Matokeo ya jaribio lao yalitoka mwaka 2015. Kati ya watoto 79 wenye nimonia kali waliowekewa mapovu walikufa 3. Kati ya 67 waliopewa oksijeni ya kawaida walikufa 10. Nilipoyasoma nilifurahi, nikaanza kukusanya chupa.

Kisha mwaka 2019 yakatoka matokeo ya Malawi. Hospitali ya wilaya, watoto 644 wenye nimonia kali na udhaifu mwingine juu yake, na wodi isiyokuwa na daktari wa kuwasimamia kila siku. Huko waliowekewa mapovu walikufa 17 katika kila mia, na waliopewa oksijeni ya kawaida walikufa 11 katika kila mia. Wazo lilelile la mapovu liliokoa Dhaka, na Malawi halikuokoa. Wataalamu wanaweza kubishana kuhusu aina ya watoto, aina ya kifaa, lishe, na mengine, na wabishane, ni kazi yao. Mimi nayasoma kama mtu wa wodini: kifaa kinachohitaji jicho kisipowekewa jicho kinaweza kuwa hatari kuliko kutokuwepo.

Na kuna somo lingine lililotuumiza zaidi, kwa sababu liligusa kitu tulichokiamini wote. Kwa miaka mingi vitabu vilituambia mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Hivyo ndivyo walivyofanya wenye vyumba vya mahututi. Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2011, ukawafuata watoto 3,141. Ndani ya saa 48, waliopewa maji ya haraka walikufa kati ya 10 na 11 katika kila mia. Ambao hawakupewa maji hayo ya haraka walikufa 7. Tulikuwa tunadhuru kwa nia njema. Hili halimhusu mtoto aliyekauka kwa kuhara, yeye maji ni uhai wake. Lakini linawahusu ninyi mnaosaini miongozo. Tiba iliyokatwa kwenye hospitali yenye mashine ya kupumulia kila kitanda, ikashonewa kwetu bila kupimwa, inaweza kuua. Tafiti za namna ile ziligharimiwa, zikafanyika kwenye wodi kama zetu, na wauguzi kama mimi ndio waliojaza zile fomu usiku. Tunahitaji nyingine nyingi za aina hiyo. Mkikata fungu la utafiti wa ndani mnatuacha tukikisia juu ya miili ya watoto.

Yaliyofanikiwa hayana mvuto kwenye kamera. Papua New Guinea waliweka mashine za kuchuja oksijeni na oksimita katika hospitali tano, wakafundisha watu kuzitumia na kuzitunza. Matokeo yaliyotoka mwaka 2008 yalionyesha hatari ya mtoto mwenye nimonia kufa ikipungua kwa 35%. Blantyre, Malawi, hospitali ya Queen Elizabeth ilipanga upya mapokezi ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000: anayefika anaangaliwa kwanza kama ana dalili za hatari, aliye hoi anapita mbele ya foleni, na tiba inaanza hapohapo. Kabla ya hapo, kati ya watoto 10 na 18 katika kila mia waliolazwa walikuwa wanakufa. Baadaye ikawa kati ya 6 na 8. Hapo kilichobadilika kwa sehemu kubwa ni nani anatazamwa kwanza, na nani anamtazama.

Sasa naomba nisieleweke vibaya, maana nimeshawahi kukaa kwenye kikao ambacho hoja kama hizi zilitumika kusema kwamba vyumba vya mahututi vya watoto ni anasa ya matajiri. Si anasa. Mtoto aliyeumwa na nyoka mwenye sumu ya kupoozesha misuli ana mapafu mazima na moyo mzima. Anachohitaji ni mtu au mashine ya kumpumulia kwa siku chache mpaka sumu iishe nguvu, kisha atarudi shule. Mtoto mwenye pepopunda, mtoto aliyepooza ghafla kwa ugonjwa wa neva, mtoto aliyetoka kufanyiwa upasuaji mkubwa, wote hao wana safari yenye mwisho mzuri wakipata daraja la kuvukia. Kumnyima huyo daraja kwa kisingizio kwamba chanjo ni muhimu zaidi ni ukatili wenye hesabu nzuri. Chanjo ni muhimu, nami nachanja. Lakini yule wa nyoka yuko mbele yangu, anapumua mara sita kwa dakika na macho yananiangalia.

Ninachokataa ni mpangilio. Msijenge ghorofa la juu na chini hakuna sakafu. Kabla ya chumba cha mahututi, kila wodi ya watoto inapaswa kuwa na kona ya uangalizi wa karibu: vitanda sita vilivyo mbele ya meza ya muuguzi, oksijeni ukutani au mashine mbili za kuichuja, oksimita yenye vibanio vya watoto, kipimo cha sukari chenye stripu zake, ambu na vinyago vya saizi zote vikining'inia ukutani mahali ambapo mkono unafika gizani, na muuguzi mmoja asiyeitwa wodi nyingine. Naomba mlisome tena hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalofutwa kwanza bajeti ikibanwa. Katika vyumba vya mahututi vya nchi tajiri muuguzi mmoja huwa na mtoto mmoja, au wawili. Mimi siombi hivyo. Naomba mmoja kwa sita, usiku, kila usiku, sikukuu zikiwemo.

Stripu za sukari nimezitaja kwa makusudi. Mashine ya kupimia tunayo, ilitolewa bure na aliyetoa alipigwa picha. Stripu zikiisha zinachukua wiki kadhaa kuja, na katika wiki hizo mtoto akiingia na degedege tunampa glukosi kwa kukisia. Damu vilevile. Mtoto ambaye hemoglobini yake, kipimo cha wingi wa damu, imeshuka chini ya gramu 4 kwa desilita anahitaji damu sasa, si kesho maabara ikifunguliwa. Na oksijeni, ambayo kila mtu anaizungumzia tangu Uviko, bado inategemea umeme, umeme unategemea jenereta, jenereta inategemea dizeli, na dizeli inategemea saini ya mtu ambaye saa nane usiku yuko kwake amelala. Haki yake, lakini mwacheni alale baada ya kusaini.

Mnapenda kutuambia kwenye semina kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa sisi tunauona kila usiku. Udongo wa kuzibia ndio mmeufungia stoo.

Kuna mambo mawili ambayo hayahitaji hata fedha nyingi. La kwanza, mtoto akifika hoi asiulizwe malipo kabla ya pumzi. Mnajua maelekezo yapo kwenye makaratasi. Nendeni dirishani mkaone yanavyotekelezwa na karani aliyeambiwa upungufu wa makusanyo utakatwa kwake. La pili, kila moyo wa mtoto unaosimama hospitalini uandikwe kwenye daftari lake, na kesho yake asubuhi tukae dakika kumi na tano: alikuwaje saa sita kabla, nani alimwona mara ya mwisho, pumzi zilikuwa ngapi, nini kilikosekana. Tukae bila kutafutana uchawi. Muuguzi akijua kwamba ukweli utamfukuzisha kazi ataandika "hali ilibadilika ghafla", nami nimeeleza mwanzoni maneno ya aina hiyo yana thamani gani. Mkurugenzi anaweza kuanza daftari hilo Jumatatu.

Mafunzo nayo. Ufufuaji ni kazi ya mikono, na mikono inasahau ndani ya miezi michache. Semina ya siku tano hotelini mara moja kwa miaka mitatu haitoshi. Mwanasesere mmoja wa mazoezi akiachwa wodini, na dakika kumi kila mwanzo wa zamu, vitatufaa zaidi kuliko posho, ingawa wenzangu watanilaumu kwa kuandika hivyo. Na mkishamfundisha muuguzi, mwacheni alipo. Kumhamisha aliyebobea kwenye watoto mahututi kwenda kliniki ya macho ni kung'oa mti uliokwisha kushika mizizi ili mpande kivuli kwingine.

Kwenu wafadhili nina neno moja. Kabla ya kutuma mashine, ulizeni itatumia mirija ya aina gani, nani anaiuza, na fundi wa vifaa tiba aliye karibu analipwa na nani. Na vibanio vya oksimita vipimwe kwenye ngozi zetu. Tafiti zimeonyesha kwamba vifaa hivi vinaweza kusoma juu kuliko uhalisia kwa watu wenye ngozi nyeusi, maana yake mtoto anayeonekana ana 92 huenda anazama.

Waheshimiwa wa fedha, najua barua za afya mnazipata kwa rundo. Mwaka 2022 watoto milioni 4.9 walifariki duniani kabla ya kutimiza miaka mitano, karibu nusu yao wakiwa hawajamaliza mwezi mmoja. Mwezi Mei 2023, kwenye Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, nchi zenu zilipitisha azimio la kuongeza upatikanaji wa oksijeni ya tiba, na jingine la kuimarisha huduma za dharura, za mahututi na za upasuaji. Siwaombi ahadi mpya. Hiyo iliyopo ina lugha nzuri kabisa, imekosa fungu tu.

Nitakuwa zamu ya usiku wiki hii yote na ijayo. Njooni, lakini msije mchana na msafara, maana tutapiga deki na kuazima vifaa wodi ya jirani, huo ndio ukweli. Njooni saa nane usiku, wawili tu, bila kupiga simu. Msimuulize mtu ripoti. Kaeni kitandani kwa mama yeyote, mtazame kifua cha mwanawe, mhesabu pumzi kwa dakika nzima bila kupunguza. Kisha mwiteni muuguzi mmwambie awaonyeshe kinyago cha mtoto wa miezi saba, na mtazame saa zenu mpaka atakapokileta.

Wenu katika kazi,

Muuguzi, wodi ya watoto, zamu ya usiku